"Tuliikuta": Tairi, Msitu wa Umma na Maana ya Kimya

Ukitaka kujua njia mpya huzaliwa vipi msituni, tafuta dimbwi usimame kando yake. Mimi nilisimama asubuhi moja ya Mei, pembezoni mwa msitu mmoja wa serikali huku kwetu milimani, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Njia ilikuwa ya miguu, upana wake ukimtosha mama na mzigo wake wa kuni. Pikipiki ya kwanza ikajitosa katikati ya dimbwi, ikazama mpaka kwenye mnyororo, na mwenyewe akashuka kuisukuma, viatu mkononi. Ya pili ilikuwa na magunia mawili ya viazi. Mwendeshaji aliona yaliyompata mwenzake, akachepuka kulia, akapita juu ya nyasi na miche michanga. Ya tatu ikafuata alama za ya pili bila hata kupunguza mwendo. Kufikia saa nne njia zilikuwa mbili, na upande wa kushoto mtu alikuwa ameshajaribu ya tatu.

Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyeomba kibali, wala aliyekataza. Nilipomuuliza kijana mmoja ile njia ya kulia ilifunguliwa na nani, alinitazama kama mtu aliyeulizwa nani alifungua mto.

"Tuliikuta, mzee."

Neno hilo sijalisahau tangu siku ile. Kila panapozuka ugomvi kuhusu vyombo vya moto katika misitu ya umma, ukichimba kidogo utalikuta limelala chini. Aliyepita jana aliikuta ya juzi. Afisa anayeletewa malalamiko anaikuta imeshakuwa pana. Wananchi wanapoitwa kutoa maoni, swali wanaloulizwa ni kama njia iliyopo iendelee kuwepo, na kujibu "hapana" kwa kitu kilichopo ni kazi ngumu kuliko kujibu "hapana" kwa kitu ambacho hakijazaliwa. Tairi lilishapiga kura yake zamani.

Nchi iliyohangaika zaidi na neno hili ni Marekani, na ndiyo maana nitakaa kwao kwa muda kabla ya kurudi nyumbani. Siwasifu. Ila wamegombana kuhusu jambo hili kwa zaidi ya miaka 50, tena kwa maandishi, na ugomvi ulioandikwa una faida kwamba mtu wa mbali anaweza kuusoma akaona ni wapi walijikwaa.

Wenzetu wana misitu ya taifa 154, karibu hekta milioni 78 pamoja na nyika zake, chini ya Idara ya Misitu iliyo ndani ya Wizara ya Kilimo. Februari 1972 Rais Nixon alitoa amri iliyozitaka idara zinazosimamia ardhi ya umma kuchagua maeneo na njia ambako vyombo vya moto vitaruhusiwa nje ya barabara, na maeneo ambako havitaruhusiwa. Amri ilitaja mambo ya kuzingatia: uharibifu wa udongo, vyanzo vya maji na mimea upunguzwe kadiri iwezekanavyo, wanyama wasisumbuliwe, na watumiaji wa msitu wasigongane. Ilitaka pia umma upewe nafasi ya kutosha ya kushiriki katika uchaguzi huo. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza makali: mahali panapoharibika sana, pafungwe mara moja.

Kwenye karatasi kazi ilikuwa imekwisha. Kule msituni haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya misitu ile iliendelea kuwa wazi kwa kila chombo mpaka pale mtu fulani alipochukua hatua ya kuifunga. Idara yenyewe ilikadiria kwamba mwaka 1972 watumiaji wa vyombo hivyo nchini walikuwa milioni 5. Kufikia mwaka 2000 walikuwa milioni 36. Pikipiki za matope, pikipiki za magurudumu manne, magari ya kukwea miamba, kila mwaka yenye nguvu kuliko ya mwaka uliopita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkuu wa Idara, Dale Bosworth, alitaja burudani isiyodhibitiwa kuwa moja ya vitisho vinne kwa misitu yake, sawia na moto, viumbe vamizi na kumegwa kwa maeneo ya wazi. Mtu wa misitu kuweka starehe ya watu kwenye orodha moja na moto si jambo dogo.

Ndipo Novemba 2005 ikatoka kanuni ya usimamizi wa safari msituni. Rasimu yake ilikuwa imepokea zaidi ya barua 80,000, nyingi zikiwa nakala za barua moja. Kanuni yenyewe ilifanya jambo moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko mikutano yote iliyotangulia: iligeuza maana ya kimya. Kila msitu ulitakiwa kutoa ramani inayoonyesha barabara, vijia na maeneo yaliyoruhusiwa, kwa aina gani ya chombo, na kwa majira gani ya mwaka. Kisichokuwa kwenye ramani kimefungwa. Hakuna haja ya kibao wala uzio, na hakuna haja ya askari kukukemea. Ukikamatwa ukasema uliikuta njia, unaulizwa kama uliikuta kwenye ramani. Adhabu inaweza kufika faini ya dola 5,000, au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili.

Ramani zenyewe hazivutii. Ni za rangi nyeusi na nyeupe, hazionyeshi milima wala mabonde kwa namna ya kumsaidia mgeni, na mtu anayetafuta mahali pazuri pa kupiga kambi atazitupa kwenye buti la gari. Lakini zinatolewa bure, na zina nguvu ya sheria.

Tazama sasa hilo linavyobadilisha kazi ya maoni ya umma. Pale msitu unapokuwa wazi mpaka ufungwe, mzigo uko kwa anayelalamika. Yeye ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi kwamba kijito kimechafuka, ajue ni lini kilianza kuchafuka, na athibitishe kwamba ni tairi na si mvua. Asipofika mkutanoni, njia inabaki. Akifika akashindwa kueleza vizuri, njia inabaki. Pale msitu unapokuwa umefungwa mpaka ufunguliwe, anayetaka kupita ndiye anayekuja na hoja: napataka hapa, kwa sababu hii, kwa chombo hiki, na haya ndiyo nitakayofanya kulinda daraja. Watu ni walewale, msitu ni uleule, hata ukumbi wa mkutano unaweza kuwa uleule. Kilichobadilika ni nani anaumia mkutano usipofanyika.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ushirikishwaji wowote wa umma, popote pale. Usiniambie walihudhuria wangapi. Niambie wasingehudhuria kabisa, jibu lingekuwa nini.

Jambo la pili ambalo wenzetu wamelielewa, japo kwa shida, ni kwamba maoni hayahesabiwi kama kura. Linawaudhi wengi. Mtu anakusanya sahihi elfu nne, anazipeleka kwa furaha, kisha anaambiwa kwamba elfu nne zinazosema kitu kimoja zinajibiwa kama barua moja. Nami mwanzoni niliona ni dharau. Lakini chukua barua mbili za kubuni. Ya kwanza inasema, "Napinga pikipiki msituni, zinaharibu mazingira." Ya pili inasema, "Njia hii inakikata kijito mara tatu chini ya daraja la zamani. Samaki hutaga pale mwanzoni mwa kiangazi, wakati udongo bado umelegea kwa theluji iliyoyeyuka. Ifungeni mpaka katikati ya Julai, au jengeni kivuko kimoja mfunge viwili." Barua ya kwanza haimlazimishi afisa kufanya lolote zaidi ya kuipokea. Ya pili ina mahali, ina wakati, ina madhara na ina njia mbili za kutokea. Katika tathmini kubwa za mazingira afisa anatakiwa kuonyesha hoja kama hizo alizijibu vipi, na akiziruka, jaji atamuuliza.

Kuna mtego humo pia. Kwa kawaida anayetaka kupinga uamuzi kabla haujatiwa sahihi lazima awe alishatoa maoni yake kwa maandishi, ndani ya muda, kuhusu jambo lile lile analolipinga. Uliyenyamaza mwanzo huna pa kusimama mwisho. Kwa mwenye wakili na kompyuta hiyo ni taratibu tu. Kwa mzee anayewinda kwenye bonde lile tangu utotoni, asiyesoma matangazo ya serikali, ni mlango uliofungwa kabla hajajua kwamba nyumba ilijengwa.

Tusidanganyane kwamba kanuni ya 2005 ilimaliza mambo. Misitu mingi ilifanya ambalo karani yeyote aliyechoka angefanya: ilihesabu njia zilizokuwepo, zikiwemo zile zilizochorwa na matairi bila ruhusa ya mtu, ikazichukua nyingi ikazitia kwenye ramani. Ile "tuliikuta" ikapata muhuri. Ilichukua kesi mahakamani kuwakumbusha kwamba amri ya Nixon haikusema madhara "yafikiriwe", ilisema yapunguzwe. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ile ya majimbo ya magharibi, katika kesi ya pikipiki za theluji huko Montana, ilisema haitoshi Idara kudai kwamba ilizingatia vigezo. Lazima ionyeshe kwa eneo husika ilivitumia vipi. Kama mwalimu wa hesabu anayekataa jibu lisilo na njia ya kulifikia.

Hizo pikipiki za theluji nazo zina kisa chake. Kanuni ya 2005 iliziacha nje, kwa maana kwamba msitu ungeweza kuzidhibiti ukipenda, na usipopenda basi. Ilibidi mahakama ya shirikisho ya Idaho mwaka 2013 iseme kwamba amri ya rais haikutoa hiari hiyo, na kanuni mpya ikatoka Januari 2015. Miaka kumi ya kimya kilichomaanisha ndiyo.

Na hata ramani ikiwa safi, mashine hazisubiri. Vijia vingi viliwekewa upana wa juu wa inchi 50 kwa chombo, kama sentimita 127, kwa sababu wakati ule hicho ndicho kilikuwa kipimo cha pikipiki ya magurudumu manne. Watengenezaji wakaendelea kuuza vyombo vipana zaidi, vya watu wawili kukaa ubavu kwa ubavu. Wenye navyo wakarudi kwenye vikao kudai vijia vipanuliwe, maana wamenunua chombo na hakuna pa kukiendeshea. Njia ikawa inafuata duka! Sijui kama kuna kikao cha umma kilichowahi kuitwa kabla kiwanda hakijaamua chombo kiwe na upana gani.

Hata hivyo nisiwafanye wapenda pikipiki kuwa wabaya wa hadithi. Msitu wa umma ni wao pia, na kodi wanalipa. Wapo wazee ambao magoti yao yamekataa mlima, na injini ndiyo fimbo yao. Wapo watu wa vijiji vya karibu ambao babu zao walikata njia zile kwa shoka, na leo wanasomewa ramani na vijana wa mjini wanaokuja mara moja kwa mwaka wakiwa na viatu vya bei. Kila mpango mpya ukifunguliwa wao wanaingia wakijua kwamba kinachojadiliwa ni kiasi gani cha kupoteza. Mtu aliye katika hali hiyo hutoa maoni kwa hasira, na hasira haisomeki vizuri kwenye majedwali ya tathmini. Vyama vyao vilivyojifunza kuandika kwa utulivu, vikataja namba ya njia na kujitolea kukarabati madaraja, vimepata mengi. Vile vilivyopiga kelele vilipata sura ya wapiga kelele.

Upande mwingine wa kelele ni lile eneo la Badger-Two Medicine, huko Montana, hekta zipatazo 50,000 zinazopakana na ardhi iliyotengewa Waindiani wa Blackfeet, wenyeji wa asili wa huko. Kwao milima ile ni takatifu. Hadithi zao za asili ya mambo zinakaa pale. Unapimaje utakatifu kwa desibeli? Huwezi kusema mlio wa pikipiki uliozidi kiwango fulani unaharibu sala, na ulio chini yake hauna neno. Mpango wa mwaka 2009 uliviondoa vyombo vya moto karibu katika vijia vyote vya eneo lile. Yaliyofanya hoja ya Blackfeet isimame si wingi wa watu wao, kwani ni wachache. Walitaja milima kwa majina, wakaeleza nini hufanyika wapi, na sheria ya kuhifadhi urithi ilikuwa na mahali pa kuiweka hoja ya aina hiyo. Kama fomu ingekuwa na visanduku viwili tu, "naunga mkono" na "napinga", wangezama humo.

Mambo haya yanaweza kurudi nyuma, tena haraka. Mwaka 2001 Marekani ilipitisha kanuni ya kulinda maeneo ya misitu yasiyo na barabara, karibu hekta milioni 24, baada ya mikutano zaidi ya 600 na maoni yapatayo milioni 1.6. Inazuia hasa ujenzi wa barabara mpya, na barabara ndiyo mama wa vijia. Agosti 2025 serikali ya Rais Trump ilipotangaza nia ya kuifuta, ilifungua dirisha la maoni la siku 21. Siku 21 zinatosha kuandika "napinga". Hazitoshi kupanda bonde kuona kijito, kuuliza wazee na kurudi na barua ya aina ya pili. Ukitaka maoni mengi yasiyo na uzito, fupisha muda. Kimya kinarefushwa bila mtu kuzuiwa kusema.

Turudi nyumbani.

Kwa upande wa sheria Kenya haina la kuonea haya. Katiba ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 69 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira, pamoja na kufikisha angalau asilimia 10 ya nchi kuwa na miti. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 ina jedwali zima kuhusu mashauriano na umma, inavitambua vyama vya jamii vya misitu, na inakataza mtu kujenga barabara au njia ndani ya msitu wa umma bila kibali. Yaani kwa maandishi sisi nasi tulishageuza maana ya kimya. Msitu umefungwa mpaka ufunguliwe.

Tatizo ni kwamba hatuna ramani ukutani. Kwenye ule msitu wa dimbwi langu, hakuna mtu aliyewahi kuona karatasi inayosema njia halali ni zipi. Mlinzi anajua kichwani. Mlinzi akihamishwa, ramani inahama naye. Kwa hiyo katazo lipo, lakini mwendesha bodaboda hawezi kulivunja wala kulitii, kwa sababu hajui linaanzia mti gani. Anayefaidi ni askari mwenye njaa, ambaye kwake kila njia ni halali asubuhi na haramu jioni.

Kisha kuna mikutano yetu. Nilihudhuria mmoja, miaka michache iliyopita, kuhusu kuweka murramu kwenye barabara ya ndani ya msitu. Hema jeupe, viti vya plastiki, soda zikiwa kwenye ndoo ya barafu nyuma ya meza kuu. Tuliandika majina kwenye daftari la mahudhurio kabla hata ya kuambiwa ajenda. Mhandisi alionyesha picha kwa Kiingereza, mtu akatafsiri nusu yake. Ulipofika wakati wa maswali mzee mmoja wa koti la kahawia akasimama, akavua kofia.

"Nisaidie jambo moja, mwanangu. Haya mawe yaliyomwagwa pale kona juzi, yanasubiri maoni yetu?"

Watu walicheka. Mhandisi naye alicheka, na ndilo jibu tulilopata. Baadaye niliomba nakala ya ripoti nione maoni ya mzee yule yaliandikwaje. Niliambiwa mkutano ulikuwa wa mafanikio na mahudhurio yalikuwa mazuri. Sikuonyeshwa ripoti. Na wanawake wa kuni, ambao ndio wanaoijua barabara ile kwa miguu yao, hawakuwepo. Mkutano uliitwa saa nne asubuhi, saa ambayo wao wako ndani ya msitu huohuo unaozungumziwa.

Kubwa kuliko yote kwa sasa ni ile barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, inayokusudiwa kuunganisha Nyeri na Nyandarua kwa kupasua msitu wa milima ya Aberdare. Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, mtetezi wetu wa misitu, mwaka 1940, na historia haikuwa na haja ya kutukejeli kiasi hicho. Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliwahi kuinyima leseni; Januari 2024 ikaitoa; wapinzani wakakimbilia Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Nyeri, na kazi ikasimamishwa. Wanaoitetea husema hapo pana njia ya zamani. Ndiyo, tuliikuta. Wanasema pia, na hili silipuuzi hata kidogo, kwamba mkulima wa viazi wa Nyandarua huzunguka mbali mno kufika sokoni, na mjamzito hafiki hospitali kwa kusubiri mnyama aitwaye bongo amalize kuvuka. Wanaoipinga wanakumbusha kwamba maji ya Nairobi yanatoka kwenye milima hiyo, na kwamba lami haiji peke yake.

Katika mjadala ule niliona pande zote mbili zikihesabu vichwa. Mbunge analeta umati, mwanaharakati analeta sahihi. Swali ambalo ningependa kulisikia likijibiwa kwa karatasi ni dogo zaidi: kama ni kupita, kupita vipi? Usiku au mchana? Magari ya uzito gani? Mwendo gani? Pale Jozani, Unguja, barabara inapita katika makazi ya kima punju, na wakati mmoja walikuwa wakigongwa kwa wastani wa mmoja kila wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta, vifo vikapungua sana. Tuta la barabarani halina siasa. Ni maoni ya aina ya pili, yaliyotiwa saruji. Nami nakiri kwamba kwa Aberdare sidhani matuta yanatosha. Kama kuna njia ya kuzunguka msitu, pesa ziende huko. Lakini nataka nishindwe au nishinde kwa hoja iliyojibiwa, si kwa umati uliohesabiwa.

Jambo la pembeni: uzio wa umeme unaoizunguka Aberdare, wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009, ulijengwa kwa sehemu kwa pesa za Rhino Charge, mashindano ya magari yanayopita pasipo na njia, yaliyoanza mwaka 1989. Magari yanavuruga vumbi mahali pengine, kwa ruhusa na kwa siku maalumu, ili msitu upumzike. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri hivyo kwamba injini na msitu zinaweza kuelewana pakiwa na mipaka inayojulikana.

Ninachodai ni kitu cha karatasi moja. Kila kituo cha msitu kibandike ukutani ramani ya njia zinazoruhusiwa: hii ya miguu, hii ya baiskeli, hii ya pikipiki mpaka mvua za masika zianze, hii ya lori la mbao. Ibandikwe pia kwenye duka la karibu na kwenye kituo cha bodaboda. Anayetaka ya kwake iongezwe aombe, na aombe kwa kutaja kijito. Mkutano uitwe saa ambayo wachukua kuni wamesharudi. Na kila hoja yenye mahali na wakati ijibiwe kwa maandishi, ibandikwe kando ya ramani, hata jibu likiwa "hapana". Vijana wa viazi wapewe njia moja halali, iliyomwagwa kokoto, yenye kivuko cha maana. Kuwanyima yote ni kuwalazimisha kuchora kumi.

Nilirudi kwenye lile dimbwi Agosti. Njia zilikuwa tano, zimesukana kama msuko wa nywele, na miche niliyoiona Mei haikuwepo tena. Juu ya dimbwi lenyewe mtu alikuwa ametandika mabanzi ya mbao, kazi safi kabisa, na kando yake kijana amekaa juu ya jerikeni akitoza shilingi 10 kwa kila pikipiki. Nilimpa zangu ingawa nilikuwa kwa miguu. Nikamuuliza aliruhusiwa na nani.

Alifikiri kidogo. "Hakuna mtu alinikataza," akasema, akanirudishia chenji.